Menyu ya Kifaransa na kaunta ya sushi: tuseme nini kabla, tule vipi tukifika?

Mgeni Mezani
Wakuu, habari zenu. Mwezi ujao mimi na mwenzangu tutakula sehemu mbili: mgahawa wa Kifaransa wenye nyota ya Michelin, menyu moja tu ya sahani 8, na kaunta ya sushi ya omakase, ile ambayo mpishi ndiye anayechagua kila kitu. Mimi pombe sitii mdomoni, yeye hali nguruwe. Haya tuyaseme lini, na kwa maneno gani? Visu na uma vile vyote vinatumikaje? Na kuchovya wali wa sushi kwenye sosi ya soya ni kosa kweli au mbwembwe za watu?

Chumvi Kiasi
Yasemeni siku ya kuweka nafasi, kwa maandishi, kisha mthibitishe siku mbili tatu kabla. Jiko la Kifaransa huandaa supu za mifupa na sosi mapema, nyingine tangu jana yake, na samaki wa omakase hununuliwa kwa hesabu ya viti. Ukisema ukiwa umeshakaa, utaletewa sahani iliyopunguzwa vitu kwa bei ileile.

Usiandike "sinywi pombe" ukaishia hapo. Wataelewa kuwa huhitaji mvinyo, basi. Andika kwamba pombe isiwemo hata ndani ya chakula. Sosi nyingi za Kifaransa huanza na mvinyo uliochemshwa hadi ukapungua, na ile imani kwamba pombe yote huruka motoni si kweli. Kwa takwimu za Wizara ya Kilimo ya Marekani, chakula kilichomwagiwa brandi na kuwashwa moto hubaki na kama 75% ya pombe yake. Kilichochemka taratibu nusu saa, 35%. Kilichochemka saa mbili na nusu, bado 5%. Kwa Wajapani ulizia sake, pombe ya mchele, na mirini, ule mvinyo mtamu wa mchele wenye pombe kama 14%. Mirini huingia kwenye sosi anayopakwa samaki aitwaye mkunga na mara nyingi kwenye kipande cha mayai kinachokuja mwishoni mwa omakase. Hata sosi ya soya iliyochachushwa kienyeji huwa na pombe kidogo, kwa hiyo amua mapema mpaka wako uko wapi, umwambie mpishi.

Kuhusu nguruwe, taja jelatini na mafuta kwa majina. Nyama anaiona kila mtu. Jelatini ndiyo inayojificha kwenye vitindamlo na jeli.

Someni pia masharti ya kughairi kabla ya kutoa namba ya kadi. Kwenye kaunta wote huanza pamoja, na aliyechelewa robo saa huenda asirudishiwe vipande vilivyokwisha pita.

Mla Polepole
Visu na uma visikuumize kichwa. Anza na vya nje kuelekea sahani. Na kwa menyu ndefu kama hiyo, mara nyingi wahudumu huleta vipya kila sahani. Ukimaliza, laza kisu na uma sambamba. Ukiviacha vimepishana, mhudumu atajua bado unakula, na meza nzima itangoja, kwa sababu sahani inayofuata haitoki mpaka wote mmalize.

Kinachowashinda watu ni mkate. Ni mzuri, siagi ni nzuri zaidi, na wanaongeza bila kuulizwa. Ukifika sahani ya sita, ile ya nyama, huna nafasi tena. Kumbuka "sahani 8" si 8: kuna vionjo kabla na peremende ndogondogo na kahawa baada yake. Tengeni saa tatu. Jibini, ikiwepo, huja kabla ya kitindamlo.

Ulizeni kama wana mfululizo wa vinywaji visivyo na pombe unaoendana na menyu. Siku hizi nyingi wanao, ila kama ndani yake kuna kombucha, aina ya chai, ikatae: imechachushwa. Mwenzako akiagiza chupa ya mvinyo, kile kidogo anachomiminiwa kwanza ni cha kukagua kama umeharibika (harufu ya katoni iliyolowa hutokana na kizibo), si cha kuamua kama ameupenda.

Kijiti
Soya si mbwembwe. Wali wa sushi hubanwa kidogo tu ili ubaki na hewa ndani. Ukiuchovya unafyonza kama sponji, unabomoka, na chumvi inafunika siki. Kwenye kaunta nzuri mpishi huwa ameshampaka samaki sosi, kwa hiyo huchovyi kabisa. Ukiwekewa kibakuli, laza kipande ubavu, gusisha samaki.

Mkono unaruhusiwa. Kula kipande kizima kwa mkupuo mmoja, papo hapo: wali hutolewa ukiwa na joto la mwili, na nori, ule mwani mkavu wa kufungia, hunyonya unyevu ikalegea upesi sana. Picha moja, ya haraka. Tangawizi ni ya kusafisha kinywa kati ya kipande na kipande, haiwekwi juu ya samaki. Wasabi, ile rojo kali ya kijani, imo tayari ndani. Manukato makali yaacheni nyumbani, yanaharibia kaunta nzima. Kama mnashiba haraka, ombeni wali kidogo tangu mwanzo, si katikati.

Vijiti msivisimike kwenye wali wala msipokezane chakula kijiti kwa kijiti. Yote mawili ni ya msibani Japani. Na yale mayai yakifika, ujue mnaelekea mwisho. Mpishi akiuliza kama mnataka kuongeza, hiyo huwa ni bili nyingine.

Mgeni Mezani
Shukrani sana. Na minyoo kwenye samaki mbichi? Wasabi na siki zinaua?

Chumvi Kiasi
Haziui. Minyoo ya Anisakis huuawa na kugandisha au kupika: kanuni za Ulaya zinataka -20°C kwa saa 24 angalau, miongozo ya Marekani -20°C kwa siku 7. Huko Marekani jodari wakubwa husamehewa kugandishwa. Kugandisha lakini hakuui bakteria, kwa hiyo mjamzito au mwenye kinga dhaifu aombe vipande vilivyopikwa, na hilo nalo liandikwe kwenye ujumbe uleule wa kuweka nafasi.