Mliorefusha swingamu na kubadili sproketi, tupeane uzoefu

Nusu Injini
Wakuu, heshima kwenu. Naunda pikipiki juu ya fremu ya zamani: tairi pana nyuma, swingamu (mkono unaoshika tairi la nyuma) iongezeke sentimita kumi, sproketi (gia za meno zinazobeba cheni) zote mbili zibadilike. Leo nimeokota kiungo cha cheni kilichopasuka chini ya meza ya kazi, hamu ikaniisha ghafla. Kabla sijakata chuma, mliopita huku semeni yaliyowakuta.

Spana Kumi
Mimi shokapu ndiyo iliyonitoa jasho. Swingamu imerefuka, shokapu imebaki palepale. Nikikaa tu, mkia chini. Nikipita tuta, tairi linalamba madgadi. Hesabu hii wengi hawaipigi: mkono wa milimita 450 ukifika 550, tairi linapata nyenzo kubwa zaidi ya kuigandamiza springi. Gawanya 550 kwa 450, jibu ulizidishe kwa lenyewe, unapata karibu 1.5. Yaani pale kwenye tairi, springi ileile inabaki na theluthi mbili tu za ugumu wake. Ama utafute iliyo ngumu zaidi kwa nusu, ama usogeze kishikio cha chini kurudi nyuma kwa uwiano uleule, ila shokapu isilale kupita kiasi.

Dada Greisi
Kulamba madgadi! Naunga mkono, yamenikuta.

Mzee wa Uzi
Kijana, mambo mawili tu. Uzi na cheni. Zungusha uzi kwenye tairi la nyuma, uvute hadi la mbele pande zote mbili, utaona kama ekseli, ule mhimili wa tairi, imekaa kombo. Halafu cheni ikaze. Cheni legelege ndiyo inayokatika.

Kifyonzi
Mzee, shikamoo, lakini hapo kwenye kukaza utamuulia mtu injini. Cheni hubana kuliko popote pale ekseli, pivoti ya swingamu (bawaba yake kwenye fremu) na shafti ya sproketi ya mbele zinapokuwa kwenye mstari mmoja. Ukiikaza wakati swingamu inaning'inia, ukipakia mtu inakuwa kamba ya gitaa. Beringi ya shafti ya gia ndiyo inayolia kwanza. Fungua shokapu, inua tairi mpaka vitu vitatu hivyo vilingane, uache ulegevu kidogo hapo. Ukishamaliza, ikilegea ukiwa umesimama usiiguse.

Mzee wa Uzi
Marahaba. Nimeendesha pikipiki kabla hujazaliwa na cheni zangu zote zilikuwa zimekaza.

Kifyonzi
Na beringi ulibadilisha ngapi, mzee?

Mzee wa Uzi
Hilo halikuhusu.

Mtoto wa Gereji
Mnabishana cheni, mimi nimekumbuka breki, mkono unatetemeka hapa ninapoandika. Kuna mwenzetu alinunua pikipiki iliyokwisha kurefushwa na fundi mwingine. Breki ya nyuma ni ya dramu. Wenye dramu mnaujua ule ufito unaotoka kwenye bamba la breki na kufungwa kwenye swingamu, kazi yake kulizuia bamba lisizunguke na tairi. Swingamu iliporefushwa, ufito haukufika. Fundi akaunga kipande cha chuma bapa na kukifunga kwa bolti nyembamba, bila hata pini ya kuzuia nati. Kimepakwa rangi nyeusi, kinapendeza, huwezi kujua.

Nikaichukua kuijaribu. Barabara tambarare, safi kabisa. Nikafika kwenye mteremko, nikakanyaga breki, nikasikia TA! Bamba likaanza kuzunguka na tairi. Sasa fikirieni: fimbo ya breki inayotoka kwenye pedali imeshikwa kwenye bamba hilohilo, kwa hiyo kadiri linavyozunguka ndivyo linavyoivuta fimbo, na kadiri fimbo inavyovutwa ndivyo viatu vya breki vinavyobana. Breki inajikanyaga yenyewe! Nikaondoa mguu, haikusaidia kitu, pedali ilishanirudi kwenye soli. Tairi likaganda. Mkia ukaenda kulia, ukarudi kushoto, nikaingia mtaroni na usukani mkononi.

Bolti tuliipata barabarani. Sehemu iliyokatika ilikuwa na rangi mbili: nusu nyeusi yenye kutu, nusu inang'aa. Ilianza kupasuka zamani, ikangoja mguu wangu.

Dada Greisi
Mungu wangu. Pole sana kaka.

Spana Kumi
Natoka kuangalia ya kwangu sasa hivi.

Msumeno
Ndiyo maana nasema dramu ni takataka. Weka diski, maneno yaishe.

Mtoto wa Gereji
Diski nayo, kile kibebeo cha kalipa (kibanio cha diski) kimeshikwa na nini? Na swingamu hiyohiyo. Ukikiacha huru kitazunguka vilevile. Na mpira wa breki lazima uwe mrefu zaidi.

Msumeno
Basi achana na cheni kabisa. BMW R 80 G/S ya 1980 inazungusha tairi kwa shafti badala ya cheni, ndani ya mkono mmoja wa nyuma, na hujawahi kuona cheni yake imekatika.

Kifyonzi
Shafti utaichomeka wapi kwenye injini ya cheni, mfukoni?

Fundi Mkimya
Kazi yangu kuchomelea. Betri ivuliwe na CDI (kifaa cha umeme wa plagi) itolewe kabla ya moto. Ekseli na pivoti ziwe ndani zimefungwa, kila kitu kimebanwa kwenye jigi, fremu ya kushikilia kazi isisogee. Unashika kwa madoa kwanza, kisha vipande vifupi, upande huu na upande ule, kwa sababu moto huvuta chuma. Kama ni aluminiamu aina ya 6061-T6, ujue pembeni mwa mshono wa kuchomelea inalainika. Mimi zile nazikataa.

Dada Greisi
Kuhusu sproketi: meno 14 mbele kwa 42 nyuma, uwiano ni 3.0. Punguza jino moja mbele au ongeza matatu nyuma, unapata karibu kilekile, 3.2. Ongeza nyuma. Ndogo mbele inaikunja cheni vibaya na inakwangua swingamu. Halafu cheni ya saizi 530 itaingia kwenye sproketi ya 520 kwa sababu hatua (umbali wa pini hadi pini) ni ileile, milimita 15.875, lakini upana siyo. Itayumba pembeni, nawe utamlaumu mchomeleaji.

Nusu Injini
Nimesoma yote. Mtoto wa Gereji, hujasema, ile pikipiki ilipona?

Mtoto wa Gereji
Rimu ilipinda tu. Mwenyewe aliiuza. Aliyeinunua kapita gerejini juzi, anauliza kama inaweza kurefushwa tena.