Kibanda nimekisimamisha mwenyewe, sasa chini niweke nini?

MkulimaWaUani
Assalam aleikum jamaa zangu. Nimejijengea kibanda uani, huku Kisauni, cha kuwekea vyombo vya bustani: majembe, wilbaro, mpira wa maji, magunia ya samadi. Futi 8 kwa 10. Nguzo boriti, kuta mbao, juu mabati. Fundi sikuita, na ukikitazama vizuri utajua. Ila kimesimama.

Kilichobaki ni sakafu. Kwa sasa ni mchanga mtupu. Juzi nimeinua gunia lililokaa wiki mbili, nikakuta mchwa wamelijengea vichuguu kwa chini na kulitoboa. Masika nayo ikianza, maji hupita hapo hapo. Nimefikiria mbao, nimefikiria simiti, jirani anasema kabro, yale matofali ya zege ya kupanga chini. Mfuko wangu si mzito. Nishaurini kabla sijaharibu.

BintiKibokoni
Wa aleikum salaam. Mbao chini, Mombasa hii, kaka? Hiyo ni karamu unawaandalia. Kwetu kulikuwa na stoo ya sakafu ya mbao, ukiitazama nzima kabisa. Siku moja mguu ukanizama mpaka gotini. Kumbe iliyobaki ni rangi tu.

ShaliteLikoni
Tafuta paleti kuukuu zinazotoka bandarini, zipange, pigilia plaiwudi juu, paka oili chafu. Rahisi na haraka.

FundiMstaafu
Paleti zitazame muhuri kwanza. Ukiona HT, mbao zilipitishwa kwenye joto. Ukiona MB, zilifukizwa kwa gesi ya sumu, hizo mimi siingizi kwangu. Na hata hiyo HT haimzuii mchwa wa leo: joto liliua wadudu waliokuwa ndani siku ile, basi.

Mwanangu, mbao si dhambi, ila zataka kuinuliwa. Unapanga vijiguzo vya mawe, futi moja na nusu kutoka chini, na juu ya kila kimoja unaweka bati lililozidi ukubwa wa jiwe, kingo umezikunja kuelekea chini. Mchwa akifika hapo hana budi kulizunguka bati kwa nje, na kichuguu chake utakiona. Bati halimuui, linamfichua tu. Kama hutainama kuchungulia kila mara, usijisumbue. Na hiyo wilbaro itapandaje?

Mimi ningekumwagia zege. Toa mchanga laini, shindilia kifusi, nyunyiza dawa ya mchwa (glavu mkononi, na si karibu na kisima), tandika nailoni nzito ya geji 1000, kisha zege inchi 4. Kwa kipimo cha 1:2:4 (simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne) kibanda chako kitakula kama mifuko 5 ya simiti. Nailoni usiiruke. Bila hiyo unyevu utapanda, na mfuko wa simiti ukiulaza chini utaukuta jiwe. Mchanga wa ufuoni usiuguse hata ukipewa bure, na maji ya kisima yaonje kwanza. Yakiwa ya chumvi, nunua ya mkokoteni. Chumvi ikishaingia kwenye zege huvuta unyevu wa hewani, na sakafu kila mvua itakuwa inatoa jasho. Ikishashika, ifunike magunia uyaloweshe siku 7.

MamaMchicha
Oili chafu karibu na mboga? Shalite, wewe mchicha wako hununua sokoni, si bure.

BintiKibokoni
Swali dogo. Ardhi ni yako?

MkulimaWaUani
Hapo umenigusa. Nyumba yetu, ardhi ya mwenyewe, twalipa kodi ya ardhi kila mwezi kama wengi huku. Kibanda alikubali kwa sababu chaweza kung'olewa. Cha kudumu hataki kusikia.

FundiMstaafu
Basi futa zege. Ungeanza na hilo.

MamaMchicha
Kabro, na jirani yako asikilizwe. Nilipohama nyumba ya kwanza nilizing'oa zangu nikazipakia kwenye tuktuk, safari tatu, dereva amenuna mpaka mwisho. Ziko kwangu hadi leo.

Chukua za milimita 60. Zile za sentimita 10 kwa 20 huingia 50 katika mita moja ya mraba, kwa hivyo kwako ni kama 370. Nunua 400, za kuvunjika hazikosi. Shindilia kifusi kwanza mpaka mguu usiache alama, hapo ndipo watu huwa wavivu, halafu mchanga inchi moja, usawazishe kwa ubao ulionyooka. Pembeni uzibane kwa mawe, la sivyo wilbaro itazitawanya. Mwisho fagia mchanga mkavu juu yake uingie kwenye nyufa. Na sakafu iwe juu kuliko uwanja wa nje, usije ukafuga bata humo masika.

Mchwa watapenya kwenye nyufa, nisikudanganye. Lakini samadi ikikaa juu ya paleti hutawapa mlango.

ShaliteLikoni
Kumbe paleti zangu zimepata kazi. Haya, mlango wafungukia ndani au nje?

MkulimaWaUani
Kwa nini?

ShaliteLikoni
Nenda katazame.

MkulimaWaUani
Nimetoka kupima sasa hivi. Wafungukia ndani, na chini pana nafasi ya kidole kimoja. Kabro na mchanga wake ni sentimita 8 na nusu.

Mlango wenyewe niliupachika jana jioni, nikaupiga na picha.

FundiMstaafu
Usiukate, na sakafu usiishushe. Geuza bawaba ufungukie nje.

MkulimaWaUani
Sawa mzee wangu. Nani wa Kisauni ana bisibisi kubwa aniazime? Yangu niliizungusha jana hadi ikaisha ncha.