Naomba ushauri: nahisi simu yangu inafuatiliwa

Ndugu zangu, salaam. Ninatumia simu ya Android 13, ambayo mwezi uliopita niliiacha kwa fundi siku mbili pamoja na namba ya siri, jambo ninalolijutia sana. Tangu hapo mtu niliyeachana naye hunitajia mahali nilipokuwa, hata duka nililoingia, na juzi usiku, nikisoma ujumbe tu, niliona kidoti cha kijani kikiwaka juu ya kioo, ishara kwamba kamera au maikrofoni inatumika.

Nimebadilisha namba ya siri, nimeondoa kompyuta nisiyoijua iliyokuwa imeunganishwa na WhatsApp yangu, na nimepiga *#21# nikaona simu zangu hazielekezwi kwingine. Hata hivyo, kwenye mipangilio kuna programu isiyo na picha, iitwayo “Huduma ya Mfumo”, yenye ruhusa ya mahali na maikrofoni, na kitufe cha kuiondoa hakibonyezeki.

Je, nikiirudisha simu katika hali ya kiwandani programu hiyo itafutika kabisa, au itarejea nikirudisha nakala ya data zangu? Na je, nihifadhi kwanza ushahidi gani kwa ajili ya polisi, maana nahofia huyo niliyeachana naye akigundua nimeifuta atanifuata nyumbani?