Neno "spinster" ni tusi au?

Wakuu naomba msaada, nasoma riwaya ya zamani ya Kiingereza nimekutana na neno spinster, kamusi inasema mwanamke ambaye hajaolewa, sasa naweza kumwita hivyo dada yeyote ambaye hajaolewa?

Jibu: Hapana mkuu usithubutu, siku hizi linaumiza, ni kama unamwambia umri umeenda na amekosa wa kumuoa. Sema tu single, inatosha.

Jibu: Naongezea, asili yake haina ubaya wowote. Spin ni kusokota, kwa hiyo spinster alikuwa mwanamke msokota nyuzi, kazi ya halali kabisa iliyowapa wengi riziki, halafu kwenye karne ya 17 likawa neno la kisheria Uingereza kwa asiyeolewa, na kwenye rejista za ndoa huko England na Wales lilidumu mpaka 2005 ndo wakaweka single kwa wote. Kinachoniudhi ni kwamba mwanaume yeye ni bachelor na hilo mpaka leo halina kejeli hata kidogo!

Muulizaji: Asanteni sana. Na maiden je?

Jibu: Hilo ni msichana au mwali, limebaki kwenye mashairi na kwenye maiden name, yaani jina la ukoo kabla ya kuolewa.