Mjadala: Pesa ya kuboresha elimu maalumu wilayani ianze na majengo au na saa za walimu?

MLETA MADA
Ndugu zangu, kila wilaya inapokaa kupanga upya elimu maalumu, kuna swali linaloamuliwa haraka mno: pesa ikipatikana, ianzie wapi? Orodha huwa ni ileile. Jengo jipya la kitengo, yaani madarasa ya pekee ya watoto wenye ulemavu, vifaa, wasaidizi wa kukaa na mtoto darasani, semina ya siku mbili kwa walimu wote. Mimi nafundisha elimu maalumu, na nasema fungu la kwanza linunue saa: muda wa kila wiki, ndani ya ratiba, mwalimu wa darasa na mwalimu wa elimu maalumu wakae pamoja wapange somo la wiki inayokuja kwa ajili ya watoto wanaowajua kwa majina.

Nieleze nilichokiona kwa macho yangu. Ni kipindi cha hesabu, somo la sehemu. Mwalimu yuko ubaoni, watoto wanakata duara la karatasi vipande vinne. Nyuma, karibu na dirisha, msichana mwenye ulemavu wa akili anapaka rangi picha ya samaki, na msaidizi ameketi kando yake anamchongea penseli. Kwenye takwimu za shule huyo ni mwanafunzi wa elimu jumuishi, yaani anayejifunza pamoja na wenzake wasio na ulemavu. Kesho yake nilimpa karatasi, nikamwonyesha kuikunja mara mbili. Akaikunjua, akapitisha kidole juu ya mikunjo, akahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Nikamwomba anipe robo. Akachana kipande kimoja, akaniwekea kiganjani. Hatukumaliza hata dakika kumi. Karatasi ilikuwapo jana yake pia, na nia njema ilikuwapo. Hakukuwa na mtu aliyepewa muda wa kujiuliza mapema, huyu atazishikaje sehemu?

Wengi wanadhani msaidizi ndiye jibu. Kati ya 2003 na 2008 ulifanyika utafiti mkubwa katika shule za England na Wales kuhusu kazi ya wasaidizi wa walimu. Ilionekana kuwa wanafunzi waliosaidiwa nao zaidi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao waliolingana nao ambao hawakusaidiwa sana. Kosa halikuwa la wasaidizi. Shule ziliwaachia watoto wenye shida kubwa kuliko wote, kisha mwalimu akawa hawafikii tena, na msaidizi mwenyewe akawa anaingia darasani bila kujua somo la siku ni lipi. Hapo ndipo ninaposisitiza saa. Msaidizi asiyekaa na mwalimu kupanga anabaki kuchonga penseli.

Italia ilipofuta madarasa maalumu kwa sheria ya 1977, haikuwatawanya tu watoto. Iliweka mwalimu wa elimu maalumu ndani ya darasa la kawaida, na leo mwalimu huyo anahesabiwa kuwa mwalimu wa darasa zima, anayebeba wajibu sawa na mwenzake. Nayo Marekani, kwa sheria ya 1975, ilidai kila mtoto mwenye ulemavu awe na mpango wake wa elimu ulioandikwa, mzazi akiwa mezani, na upitiwe upya angalau mara moja kwa mwaka. Serikali kuu ya huko iliahidi kuchangia hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya mwanafunzi mmoja, na hadi leo haijawahi kuifikia. Wilaya zikaachwa zijazie pengo. Kwa hiyo anayepanga aanze kwa kuuliza ni saa ngapi za mtu zinahitajika ili kile kilichoandikwa kwenye mpango wa mtoto kitendeke, kisha azitafutie pesa hizo kabla ya tofali la kwanza.

Karibuni. Anayeona nimekosea aseme wazi.

MZAZI
Mwalimu, nakuheshimu, lakini hapo kwenye tofali umeniumiza. Mwanangu anatumia kiti mwendo. Mlango wa choo cha shule ni mwembamba kuliko kiti chake, basi ameacha kunywa maji asubuhi, na sikuwa najua. Niligundua chupa inarudi imejaa kila siku. Nilipomuuliza akasema, "Mama, nikinywa nitahitaji kwenda." Saa zako za kupanga zitamkuta mtoto mwenye kiu, anayewaza kengele ya kutoka.

MWALIMU KIZIWI
Mimi ni kiziwi na nafundisha viziwi. Mwaka 1880 walimu waliokutana Milan, Italia, katika mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi, karibu wote wanaosikia, waliamua watoto viziwi wafundishwe kwa kusema na si kwa alama. Lugha zetu zikafukuzwa madarasani kwa miongo mingi. Mkutano wa mfululizo huohuo ulikuja kuukataa uamuzi ule mwaka 2010, kule Vancouver. Kwa hiyo nikisikia "darasa la kawaida kwa wote" huwa nauliza kwanza: lugha gani? Ibara ya 24 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, hiyohiyo inayodai elimu jumuishi, inataka pia lugha ya alama ifundishwe na utambulisho wa kilugha wa viziwi ukuzwe. Kiziwi mmoja katikati ya darasa la wanaosikia, hata akiwa na mkalimani, wakati wa mapumziko anacheza na nani? Saa zako za kupanga zitampa hesabu. Lugha ataipata kwa kuishi na wenye lugha.

MLETA MADA
Mama, nakubali bila kujitetea. Mlango wa choo utangulie, hata kabla ya mpango wenyewe kukamilika, na nimesikitika kwamba orodha yangu haikuwa nao. Lakini kupanua mlango hulipiwa mara moja, saa za walimu hulipiwa kila mwaka, na ndiyo sababu wapangaji huzikwepa. Tukishamaliza milango tusije tukaambiwa kazi imekwisha.

Ndugu mwalimu, kwa watoto viziwi umenishinda. Wilaya iwakusanye katika shule moja au mbili ambazo lugha ya alama inatumika uwanjani na darasani, na ambako wapo walimu viziwi kama wewe, badala ya kumpanda mmojammoja kila kijiji na kila mtaa. Ninachokataa ni hoja hiyo kuazimwa ili kuwatenga watoto wenye usonji, wenye ulemavu wa akili au wanaopata shida kusoma. Hao hawana lugha yao ya pekee ya kulindwa kitengoni, na lugha wanayoihitaji inazungumzwa darasani mwa wenzao. Kitengo kilichopo kisifungwe ghafla, maana nimeona pia watoto wakihamishwa Jumatatu kwenda kwa mwalimu aliyeambiwa Ijumaa. Kipungue kadiri madarasa yanavyokuwa tayari.

Basi pendekezo langu narudi nalo likiwa limerekebishwa: milango na vyoo kwanza, viziwi wapangiwe peke yao wakishirikishwa viziwi wazima, kisha vipindi viwili kwa wiki vya kupanga pamoja, vikiandikwa kwenye ratiba kama vilivyoandikwa vya hesabu, na msaidizi awepo. Na mwalimu asitolewe humo kwenda kushika darasa la mwenzake ambaye hakufika.