Mjadala: Anayejua kuandika hatua na anayejua kuzifanya, nani tumpe alama?

Mleta mada: Walimu wenzangu na wazazi, naomba tulijadili hili. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika bila kosa hatua za kupima ujazo wa jiwe: soma kiwango cha maji kwenye silinda ya kupimia, zamisha jiwe, soma tena, toa kipimo cha kwanza katika cha pili. Alipata alama zote. Nilipomkabidhi silinda yenyewe, alilidondosha jiwe maji yakaruka, kisha akasoma kipimo akiwa wima, anachungulia kwa juu. Jibu halikukaribia. Mwenzake, ambaye karatasi yake ilijaa mikato myekundu, alilifunga jiwe kwa uzi, akalishusha taratibu, akainama mpaka jicho likawa usawa wa maji, akasoma pale chini maji yalipobonyea. Katika daftari langu la alama, huyo ndiye "dhaifu". Iliniuma sana.

Msimamo wangu: stadi ya kutenda ipimwe kwa kutenda, na alama zake zihesabiwe sawa na za karatasi. Mtihani wa kuandika ubaki, maana hakuna njia nyingine ya kugusa mada nyingi ndani ya saa moja.

Mchangiaji: Mwalimu, nakuelewa, ila mimi nina wanafunzi 60. Dakika 5 kwa kila mmoja ni dakika 300, yaani vipindi saba na nusu vya dakika 40, kwa zoezi moja! Na haki je? Jimbo la Vermont, Marekani, lilijaribu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kupima wanafunzi kwa majalada ya kazi zao za hisabati na uandishi. Watafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, walipochunguza alama za 1992 walikuta wasahihishaji hawakubaliani vya kutosha juu ya kazi ileile. Mtoto asibahatishiwe alama.

Mleta mada: Hoja ya Vermont naipokea. Ndiyo maana sitaki alama hizi zitumike kulinganisha shule na shule. Darasani, tofauti hizo hupungua vigezo vikiandikwa waziwazi. "Anapima vizuri" si kigezo. Kila mwalimu ana "vizuri" yake. "Jicho liko usawa wa maji anaposoma", hilo ama umeliona ama hukuliona. Wanafunzi wapewe vigezo kabla ya zoezi. Kisha walimu wawili wapime kazi kumi zilezile, kila mtu kivyake, walinganishe. Wakitofautiana, kigezo kiandikwe upya.

Kuhusu muda, usimwite mmojammoja mbele. Wote wafanye kazi katika vikundi, wewe uwe na orodha ya wanane tu wa kuwaangalia kipindi hicho. Wote 60 utawamaliza katika vipindi vinane, na hakuna aliyekaa bure akisubiri zamu. Zoezi moja pia halitoshi kumhukumu mtoto, kwani anayeweza hili huenda akashindwa lile.

Mzazi: Mimi naongelea kazi za mradi za nyumbani. Modeli ya mwanangu niliikata mimi, nikaibandika mimi, yeye akaandika jina. Akapata alama ya juu. Aliyepimwa ni nani?

Mleta mada: Wewe, mzazi mwenzangu. Na asiye na mtu wa kumsaidia nyumbani aliadhibiwa kwa hilo. Kazi ya alama ifanyike darasani, mbele ya mwalimu, kwa vifaa vilevile kwa wote. Swali linalobaki gumu kwangu ni shule yenye silinda moja kwa darasa zima. Walio na hali hiyo, mnafanyaje?