Tupeane uzoefu: mnaishije na joto la Phoenix na Tucson, huku Arizona, hasa mvua za monsuni zikianza?

MtuWaUkonga
Wakuu, habari za wakati. Nimehamia Phoenix mwezi wa pili nikitokea Minnesota, nafanya kazi ya ghala. Februari huku ni raha tupu, nilikuwa natuma picha nimevaa fulana wakati wenzangu kule wanachota theluji kwa sepetu. Sasa tumeingia Juni na kila mtu kazini ananiambia "subiri Julai", kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani. Mimi nimekulia Dar, joto nalijua. Ila hawa wananitia wasiwasi. Wa Phoenix, Mesa, Glendale, Tucson na hata Yuma, tupeane uzoefu: umeme, gari, watoto, usingizi.

MamaNeema
Karibu kaka. Ya Dar weka pembeni kwanza. Joto la Juni huku ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, kwa hiyo mtu anaishiwa maji mwilini akidhani yuko sawa. Kunywa maji kabla ya kiu, na chumvi kidogo kwenye chakula usiiogope kama presha yako ni nzuri.

Mwaka 2023 nilikuwepo. Kuanzia Juni 30 hadi Julai 30, siku 31 mfululizo, kila siku kipimo kilifika nyuzi 110 za Fahrenheit au zaidi, yaani 43 za Selsiasi na kuendelea. Kilichotumaliza sisi ni usiku. Zege na lami vinabeba joto la mchana kutwa halafu vinalitoa ukiwa kitandani, na zilikuwepo siku nyingi ambazo hata alfajiri kipimo kilikuwa juu ya 90. Hiyo ni 32 ya kwetu, saa kumi na moja asubuhi, jua halijachomoza.

Ya nyumbani sasa: bomba la maji baridi mchana linatoa maji ya moto, ukitaka kuoga baridi sahau mpaka Oktoba. Kwenye gari weka kanga juu ya usukani na nyingine juu ya kiti cha mtoto, maana kile chuma cha mkanda kinaunguza kweli. Na mtoto asitoke peku hata kukimbilia gari hapo nje. Phoenix kuna kitengo cha majeruhi wa moto ambacho kila kiangazi kinapokea watu walioungua kwa lami tu, hasa wazee walioanguka wakashindwa kuinuka haraka.

PwaniKwetu
Mie wa Mombasa, niko Tucson. Joto la Juni nawapa heshima yao. Lakini Julai wakianza kulia "unyevu, unyevu" huwa nacheka walahi. Unyevu gani huo? Waje Kizingo mwezi wa tatu waone.

Mgosi_wa_Mesa
@PwaniKwetu uko sahihi kwa nusu. Chukua kile kipimo cha umande wanachokitaja kwenye utabiri, yaani nyuzi ambazo hewa ikipoa hadi hapo umande unaanza kutokea. Mombasa mwezi wa tatu kinacheza kwenye 75 za Fahrenheit. Phoenix monsuni ikikolea ni 60 na kitu, siku mbaya inagonga 70. Kwa hiyo ndiyo, kwenu kuna unyevu zaidi. Lakini kwenu ni nyuzi 32 za Selsiasi na upepo wa bahari. Huku unapewa unyevu wa kiasi ndani ya nyuzi 42, bila bahari, na jasho ambalo Juni lilikuwa linakupoza sasa linagoma kukauka. Hapo ndipo mtu wa pwani anapokaa kimya.

Zamani ofisi ya hali ya hewa ilikuwa inahesabu monsuni imeanza pale kipimo hicho kikikaa siku tatu mfululizo kwenye 55 kwa Phoenix, au 54 kwa Tucson. Tangu 2008 wameamua iwe Juni 15 hadi Septemba 30 moja kwa moja, mvua inyeshe isinyeshe. Mimi bado naangalia ile 55, ndiyo inayoniambia nyumba yangu italalika au hapana.

PwaniKwetu
Haya, bahari nimekubali. Nayo ndiyo nnayoilia kila siku.

MutuYaUvira
Jambo bandugu. Mimi nilitoka Uvira, nikakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi, kisha wakatuleta Tucson. Nyumba yetu ya kwanza haikukuwa na AC, ilikuwa na kile kipoza cha maji juu ya paa. Feni inavuta hewa ya jangwa, inaipitisha kwa majani yenye kulowa, inaingia nyumbani ikiwa baridi. Mama alikuwa anafunga madirisha yote juu ya vumbi, jirani Mmexico akaja kutuonyesha: hapana, dirisha lazima ukaache wazi kidogo, hewa ipate njia ya kutoka. Mwezi wa sita ile mashine ilikuwa nzuri sana, hata batoto walikuwa wanaomba blanketi, na umeme ni kidogo.

Mwezi wa saba mawingu yakakuja. Mashine inazunguka lakini inatupa mvuke. Mashuka yanalowa, chumvi inakuwa jiwe, mlango wa choo ukavimba ukakataa kufunga. Tukaita mwenye nyumba, akaweka mkono kwa tundu akasema "inapuliza, iko mzuri", akaenda. Mchana tulikuwa tunapeleka batoto maktaba, kule kuko baridi na hakuna mtu wa kukuuliza. Usiku tulilala chini kwa vigae.

Nyuma tulinunua AC ya dirishani ya mitumba, chumba kimoja, magodoro yote yakaingia mule. Na mujue hii: usiwashe vyote viwili pamoja. Kile cha paa kinaleta maji ndani, ile AC inateseka kuyatoa, na wewe unalipa umeme wa bure.

Mgosi_wa_Mesa
Pole sana ndugu. Kwa walioko Phoenix, sheria ya jiji iko hivi: nyumba ya kupanga yenye AC lazima iweze kupoza hadi nyuzi 82 za Fahrenheit, yenye kipoza cha maji hadi 86. "Inapuliza" siyo kipimo. Nunua kipimajoto cha bei rahisi, piga picha, andika barua yenye tarehe.

FundiBaridi
Naongezea upande wa mashine, ndiyo kazi yangu. AC nyingi zinazokufa Julai hazijafa, kimekufa kidude kinaitwa kapasita. Joto linakipika. Mashine ya nje inanguruma lakini feni haizunguki, na wewe ndani unapata upepo wa vuguvugu. Ukisikia hivyo zima kabisa, usiendelee kulazimisha ukaunguza kompresa. Mwite fundi Aprili au Mei aipime kabla, maana Julai simu zetu foleni ni ya siku kadhaa.

Chujio badilisha kila mwezi wakati wa kiangazi. Na habubu, yaani dhoruba ya vumbi, likishapita, zima umeme wa mashine ya nje uisuuze kwa mpira wa maji, taratibu. Vumbi la huku ni laini kuliko unga wa sembe na linaziba vile vibati vyote.

MamaNeema
Hilo la AC lisikilizwe. Kaunti ya Maricopa, hii ya Phoenix, mwaka 2023 ilihesabu vifo 645 vilivyotokana na joto. Wengi walikuwa nje, na karibu nusu ya wote ni watu wasio na makazi. Ila waliofia ndani, wengi wao AC ilikuwepo ukutani, haifanyi kazi. Kama una mzee wa kwetu anaishi peke yake, usimuulize kwenye simu "hujambo", nenda ukaguse ile hewa inayotoka.

Na umeme: makampuni makubwa hapa yana saa za bei kali, jioni, saa zenyewe zinategemea mpango wako. Mimi napoza nyumba sana kuanzia adhuhuri, ikifika muda huo napandisha nyuzi, nafunga mapazia, na jiko siwashi. Maharage nachemsha alfajiri. Kuna na mpango wa kulipia kabla, kama LUKU ya nyumbani, unaona pesa inavyoshuka. Kwa makampuni yaliyo chini ya tume ya jimbo inayosimamia umeme, kuanzia Juni 1 hadi Oktoba 15 hawaruhusiwi kukukatia kwa deni. Deni lenyewe linakungoja palepale.

DerevaWaTrela
Niaje watu wangu. Mimi Mkenya, nabeba mizigo barabara kuu ya I-10, Phoenix–Tucson karibu kila wiki. Joto nawaachia, mimi nataka kuongea vumbi. Kabla ya mvua, ngurumo inasukuma upepo chini, na lile shamba tupu lote linainuka. Unaona ukuta wa kahawia, dakika chache baadaye huoni hata boneti yako. Kati ya Eloy na Picacho Peak wameweka mitambo inayohisi vumbi na kushusha spidi kwenye vibao, kwa sababu pale ndipo watu wamegongana sana.

Likikukuta: toka kabisa nje ya lami, mbali iwezekanavyo. Zima taa zote, na hazadi pia. Toa mguu kwenye breki. Watu hubisha hapa, wanasema taa ni usalama. Wacha nikwambie, aliye nyuma yako haoni barabara, anatafuta taa ya kufuata. Akiona yako anakuja nayo mpaka ndani ya trela.

Bin_Darajani
Mie niko Muscat, nimepita tu kuwasoma. Quriyat hapa jirani, Juni 2018 ilipita siku nzima kipimo hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 za Selsiasi, usiku na mchana, na bahari iko hapo hapo. Serikali inakataza kazi za juani saa sita na nusu hadi tisa na nusu mchana, Juni mpaka Agosti. Nyie huko hamna?

MtuWaUkonga
Bin Darajani, hapa kwetu ghalani tuna feni na friji la barafu za vijiti. Ndiyo sheria yote niliyoiona.

Wakuu nimesoma kila kitu. Swali: hizo mvua zenyewe zikija zinapoza?

PwaniKwetu
Zinapoza, kwa saa moja mbili. Inanyesha jioni, na kuna kichaka cha jangwani kinachotoa harufu mvua ikikigusa, utaipenda. Lakini usivuke korongo lenye maji, hata kama jana lilikuwa mchanga mkavu. Mvua ikinyesha milimani huioni, maji unayaona. Ukipita kizuizi ukakwama, gharama za kukuokoa unaweza kudaiwa wewe. Wenyewe wanaiita sheria ya dereva mpumbavu.

MutuYaUvira
Kama kuna mutu anataka kipoza cha maji, ninacho, kinazunguka vizuri. Tulihamia nyumba yenye AC.

FundiBaridi
Usikitangaze mwezi wa saba kaka, hakuna atakayekigusa. Kiweke, uza Mei.